Umepangiwa kupasuliwa? Uliza habari ya mofini ya mgongoni kabla hujaingia thieta

Mwongozo huu ni wa mama aliyeambiwa atajifungua kwa upasuaji, na wa yeyote atakayemwangalia: dada, mume, wifi, mama mkwe. Mimi ni muuguzi wa wadi ya wazazi hapa Mombasa, na neno ninalotaka limfikie kila mmoja wenu ni kwamba maumivu ya baada ya upasuaji hupangiwa dawa kabla ya kisu kushikwa. Mama anayeanza kuulizia dawa saa sita za usiku, machozi yanamtoka, hana kosa. Hakuna aliyemwambia mapema.

Sindano moja ya mgongoni yaweza kubeba dawa za aina mbili. Kuna ganzi yenyewe, mara nyingi bupivakeini, inayofanya mwili kuanzia kifuani kwenda chini usihisi kisu. Hiyo huondoka baada ya saa mbili mpaka nne hivi. Halafu kuna dawa ya jamii ya afyuni, mofini au fentanili, ambayo hutiwa kidogo sana pamoja na ganzi. Hii haitii miguu ganzi. Kazi yake ni kuzuia habari za maumivu pale zinapoingilia kwenye uti wa mgongo. Mofini ya namna hii ilianza kuaminiwa baada ya madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, kuchapisha mwaka 1979 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wa saratani, na tangu hapo imekuwa mojawapo ya njia bora kabisa za kumtuliza mama aliyepasuliwa. Miguu ikishaamka, hiyo ndiyo inayobaki kazini.

Kabla ya siku yenyewe: maswali matatu

Ukienda kliniki wiki za mwisho, au siku ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, omba kuzungumza na mtaalamu wa usingizi, yule atakayekutia ganzi. Si lazima awe daktari. Hospitali nyingi za kaunti hutegemea maafisa wa kliniki waliosomea usingizi, na kazi hii wanaijua vizuri. Muulize: "Kwenye sindano ya mgongo nitatiwa ganzi peke yake, au pamoja na mofini, au fentanili?" Kisha: "Usiku, nani atakayekuwa akiniangalia pumzi?" Na la tatu: "Dawa za kufuatia nitaanza saa ngapi?"

Majibu yana tofauti kubwa. Fentanili hushika upesi, ndani ya dakika chache, na husaidia sana wakati tumbo linapovutwa mtoto akitolewa, lakini baada ya saa mbili hadi nne imekwisha. Mofini huchelewa, huchukua kama saa moja au zaidi ndipo ishike, ila ikishashika hukaa saa 12 hadi 24. Ndiyo sababu wataalamu wengine hutia zote mbili. Ukijibiwa kwamba ni fentanili tu, jua kuwa jioni ileile utahitaji dawa nyingine, na ziwe zimeshaandikwa kwenye faili.

Kiwango cha mofini ya mgongoni ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Cha kawaida ni mikrogramu 100, na ni nadra kuzidi 150. Kichupa kimoja cha mofini cha miligramu 10 kina mikrogramu 10,000, yaani dozi mia moja za mgongoni. Hapo utaona kwa nini kazi ya kuichanganya haitaki haraka, na kwa nini ni vizuri watu wawili wasome kichupa na hesabu kabla ya kudunga. Tena inayofaa mgongoni ni ile isiyotiwa dawa ya kuihifadhi. Mofini hukaa kwenye kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kisheria, lenye kufuli, kila tone huandikwa, na si kila hospitali inayo ile inayofaa kazi hii.

Ukiambiwa "hapa hatuitii, kwa sababu usiku hatuna watu wa kutosha wa kumwangalia mama", hilo ni jibu la uaminifu na mimi naliheshimu. Usilazimishe. Uliza badala yake kama watakudunga ganzi kwenye kidonda wakati wa kushona, au ganzi ya ukuta wa tumbo ambayo hudungwa pande zote mbili kwa kutumia mashine ya picha. Zote mbili hupunguza makali kwa saa kadhaa. Ukitiwa mofini ya mgongoni, faida ya ziada ya ganzi ya ukuta wa tumbo ni ndogo.

Siku hiyohiyo taja mambo yako yote: kama unakoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, kama una vidonda vya tumbo, figo, pumu inayochochewa na aspirini, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama presha imepanda na huenda ukawekewa dripu ya magnesiamu. Na kama umewahi kutumia unga, yaani heroini, au sasa unakunywa methadoni kliniki, sema. Najua Mombasa neno hilo ni zito na mama huogopa kuhukumiwa. Lakini mtaalamu asiyejua atakupa dozi isiyokutosha, na dawa nyingine zinazoweza kukuletea arosto, ule ugonjwa wa kukosa dawa uliyoizoea, palepale wadini. Methadoni yako haikatizwi kwa sababu ya upasuaji.

Hofu ya jina lenyewe

Wapo wanaosikia "mofini" na akili inakwenda moja kwa moja Coast Hospice, kwa jamaa aliyekuwa akinywa dawa hiyo siku zake za mwisho. Wapo wanaosema, "Hiyo si ndiyo nduguye unga? Nitakuwa teja." Nimewasikia kina mama wenye akili timamu wakikataa tulizo kwa hofu hiyo, na mama mzazi akimuunga mkono binti yake.

Ni kweli mofini na heroini zatokana na mmea mmoja. Lakini sindano moja ya mikrogramu 100, itiwayo mara moja na isirudiwe, haimfanyi mtu mraibu. Uraibu hujengwa na matumizi ya kurudiarudia. Na mgonjwa wa saratani hupewa mofini kwa sababu anaumia. Dawa haikumletea mauti. Mama aliyetulizwa hugeuka upesi, huketi upesi, hunyonyesha mapema, na hutembea kabla damu haijapata nafasi ya kuganda miguuni.

Kuhusu maziwa, kiasi cha mofini kinachofika huko kutoka kwenye dozi ndogo hivi ya mgongoni ni kidogo mno. Mweke mtoto titini mara tu mtakapoweza.

Mezani

Utaketishwa au utalazwa ubavu. Jikunje kama kamba aliyepikwa, kidevu kifuani, mabega yalegee, na usiruke. Sindano huingia kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kwa hiyo yale maneno kwamba "watakuchoma uti upooze" hayalingani na mahali sindano inapopita. Hata maumivu ya kiuno ya miaka mingi hayasababishwi na sindano hii, ingawa hapo ilipopita patauma kidogo kwa siku chache.

Wakati wa upasuaji utahisi kuvutwa na kusukumwa. Hiyo ni kawaida. Ukihisi makali, sema hapo hapo, tena kwa sauti. Usijikaze ili uonekane jasiri.

Andika saa

Hili halisemwi vya kutosha. Kabla hujatolewa thieta, muulize mtaalamu wa usingizi dozi na saa, na mtu wako aandike kwenye karatasi, kwa mfano: "Mofini ya mgongoni, mikrogramu 100, saa nne na robo asubuhi." Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya mtoto.

Sababu ni zamu. Wauguzi wa mchana huenda, wa usiku huja, faili ni nene, na wadi imejaa. Muuguzi wa usiku anaweza kuja na sindano ya pethidini au tramadoli kama ilivyo desturi kwa waliopasuliwa, bila kujua kwamba mofini ingali mgongoni. Dawa mbili za jamii moja zikikutana, usingizi huwa mzito na pumzi hupungua. Kwa hiyo sema kwa upole: "Sista, mimi nilitiwa mofini ya mgongoni leo saa nne asubuhi. Hiyo sindano, daktari wa usingizi ameijua?" Muuguzi mzuri hatakasirika. Atarudi kwenye faili, na mara nyingi atakushukuru.

Hilo halimaanishi ukae bila dawa yoyote. Paresetamoli na diklofenaki hazigombani na mofini, zinaisaidia. Zianze mapema, hata thieta au chumba cha kuamkia, iwe kwa dripu, kwa mdomo au kwa ile dawa inayowekwa njia ya haja kubwa.

Mwasho, kichefuchefu na mkojo

Mwasho ndio unaowatisha wengi. Huanza puani, usoni, shingoni, kifuani. "Sista, pua yaniwasha, mwili wote watambaa!" Zaidi ya nusu ya kina mama huupata kwa kiasi fulani, na dozi ikiwa kubwa mwasho nao huzidi. Si mzio. Ngozi haina vipele wala haijavimba. Ni mofini inavyogusa mishipa ya fahamu. Ndiyo maana piritoni haifanyi kazi kubwa hapa isipokuwa kukulaza usingizi, na usingizi wa kuongezewa ndio tusioutaka usiku huu. Kitambaa cha maji baridi, feni, leso nyepesi ya pamba na kucha fupi husaidia wengi kuvumilia. Ukizidi, ondansetroni, dawa ya kichefuchefu, yaweza kupunguza, na kama umekithiri mtaalamu ataagiza naloksoni, dawa inayoipinga mofini, kwa kipimo kidogo kinachoondoa mwasho bila kurudisha maumivu yote. Kufikia kesho yake kwa kawaida umekwisha. Ila ukiona mabaka yaliyoinuka, midomo imevimba au kifua kinapiga filimbi, huo ni mzio, na muuguzi aitwe mbio.

Kichefuchefu nacho huja. Omba dawa mapema, usisubiri utapike huku umeshika mshono. Wakati mwingine hutokana na presha iliyoshuka, kwa hiyo omba pia upimwe.

Mpira wa mkojo hutolewa jioni au asubuhi yake. Mofini hulegeza kibofu. Ukipita saa sita tangu mpira kutolewa na hujakojoa, sema.

Usiku wa kwanza: pumzi

Mofini haiyeyuki upesi kwenye mafuta, kwa hiyo hubaki ndani ya maji ya uti wa mgongo na hupanda taratibu kuelekea kichwani. Ndiyo inayoipa uwezo wa kutuliza siku nzima, na ndiyo pia inayoleta hatari moja ya kuchungwa: pumzi kupungua saa nyingi baadaye, hasa kati ya saa ya sita na ya kumi na mbili tangu kudungwa. Aliyedungwa saa nne asubuhi, wakati wa kumwangalia sana ni kuanzia saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, na jicho lisitoke mpaka asubuhi. Kwa dozi ndogo na mama mwenye afya, jambo hili ni nadra sana. Lakini nadra haina maana ya kumwacha.

Wadini, pumzi na usingizi wake vinapaswa kuangaliwa kila saa moja au mbili kwa saa 12 za mwanzo. Ikiwezekana, omba kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi. Mama mnene sana, anayekoroma kwa kukatika, au aliye kwenye magnesiamu, ahesabiwe mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Kama hospitali inaruhusu mtu kulala naye, au mama wa kitanda cha pili yuko macho, kazi yao ni rahisi. Tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima kwenye saa ya simu. Kumi na mbili hadi ishirini ni sawa. Ikiwa chini ya kumi, au ukimwita na kumtikisa anafungua jicho kisha anazama tena, mtikise, mwambie "vuta pumzi, mama", na mwite muuguzi wakati huohuo. Atapewa oksijeni na naloksoni. Kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni ni kizuri, lakini mama akiwa kwenye oksijeni kinaweza kusoma vizuri huku pumzi zikiwa zimeshapungua, kwa hiyo kuhesabu kifua hakuachwi.

Asipewe dawa ya usingizi usiku huo. Wala ile tembe ya kodeini ambayo shangazi ameitoa mkobani kwa nia njema.

Asubuhi ya pili: pengo

Hapa ndipo wengi huumia bure. Usiku umepita vizuri, mama anasema "sina maumivu, hizo tembe niwekeeni," na mnamo saa nne asubuhi mofini inakwisha, mshono unaamka wote kwa mpigo. Tembe iliyomezwa wakati huo itachukua zaidi ya nusu saa kufanya kazi, na maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kushusha.

Kwa hiyo meza kwa saa, usimeze kwa maumivu. Paresetamoli gramu moja, yaani tembe mbili za miligramu 500, kila saa sita: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Tembe nane kwa siku ndio mwisho, na mwenye uzito chini ya kilo 50 apangiwe kipimo pungufu. Angalia dawa za mafua. Nyingi zina paresetamoli ndani. Pamoja nayo, diklofenaki miligramu 50 au ibuprofeni miligramu 400, moja tu kati ya hizo mbili, kila saa nane baada ya kula: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Zote hazidhuru mtoto anayenyonya. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu ya aspirini au aliyetokwa na damu nyingi asiziguse hizi za pili bila daktari kukubali.

Endelea hivyo siku tatu mpaka tano, kisha anza kuachanisha.

Tramadoli na kodeini nitazisema kwa ukali kidogo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba mama anayenyonyesha asizitumie. Kodeini hugeuka mofini ndani ya mwili, na wapo watu ambao miili yao huigeuza kwa kasi sana, kisha hupita kwenye maziwa na mtoto hulala asiamke kunyonya, hata pumzi yake kupungua. Watu wa namna hiyo wamepatikana kwa wingi zaidi Ethiopia na Saudia kuliko Ulaya, na Mombasa ni mji wa watu wenye asili za huko na huko. Huwezi kujijua kwa kujitazama. Ukiandikiwa mojawapo, uliza kama kuna nyingine. Na tembe za mchanganyiko za dukani, soma nyuma ya pakiti.

Kuinuka, na nyumbani

Kutoka kitandani, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko. Ukikohoa au kucheka, kumbatia mto tumboni. Kunywa na kula fuata wadi yako. Wengi sasa huruhusu maji baada ya saa chache, na kutafuna chingamu husaidia tumbo kuanza kutembea.

Safari ya kurudi ifanyie mahesabu: meza dawa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Tuktuk kwenye barabara ya mashimo hupekecha mshono, basi dereva aende pole na mto uwe tumboni. Kama nyumbani ni ng'ambo ya Likoni, usishuke kupanda ile miteremko ya feri kwa miguu na umati; kaa ndani ya gari, au pitieni barabara ya Dongo Kundu. Mwenye kukaa ghorofani au kwenye nyumba ya Mji wa Kale yenye ngazi za kusimama wima, alazwe chini wiki ya kwanza ikiwezekana.

Kuhusu kukandwa: maji ya moto yasiguse tumbo lenye mshono. Miguu na mgongo, maji ya vuguvugu hayana ubaya. Mkaja ukifungwa kwa wastani, juu ya kidonda kikavu na safi, huwatuliza baadhi ya kina mama. Ukikazwa mpaka pumzi haishuki, ufunguliwe. Najua kumkatalia mama mkwe si rahisi. Mwambie, "Mama, hospitali wamesema mshono usikandwe mpaka upone," na uji wake wa pilipili manga unywe kwa shukrani. Vaa dera jepesi, kwa joto letu hili kidonda hakitaki jasho.

Rudi hospitali, usipitie dukani

Rudi ukipata homa, usaha au harufu kwenye mshono. Damu ya kulowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Shavu la mguu kuvimba na kuuma. Mguu kulegea upya au kushindwa kuzuia mkojo. Kichwa kikali pamoja na macho kuona ukungu, hasa kama presha ilipanda.

Kuna pia kichwa cha sindano ya mgongo. Huanza kwa kawaida siku ya kwanza au ya pili, na chaweza kuja hadi siku ya tano. Ukiketi au kusimama kinapasuka, ukilala kinatulia, na shingo hukaza. Hutokana na maji ya uti kuvuja kupitia tundu la sindano. Kulala chali siku nzima hakukuzuii kukipata. Kinatibika, na kikikataa dawa daktari wa usingizi anaweza kudunga damu yako mwenyewe kidogo mgongoni kuziba tundu. Ukifika, mweleze mtu wa kwanza utakayemkuta kwamba ulidungwa mgongoni, siku gani, na kwamba ukilala kinatulia. Ukisema "kichwa chaniuma" peke yake, utapewa paresetamoli na kurudishwa nyumbani.